DHAHABU IMELALA GHALANI, NASI TWAIUZA KWA BEI YA CHUMA CHAKAVU

Tarehe 9 Aprili 1940, majeshi ya Ujerumani yaliingia Copenhagen, mji mkuu wa Denmark. Katika taasisi ya fizikia iliyoongozwa na Niels Bohr zilikuwamo medali mbili za dhahabu za Tuzo ya Nobel. Moja ilikuwa ya Max von Laue na ya pili ya James Franck, wataalamu wawili wa Kijerumani waliozipeleka huko ili zisinyakuliwe na utawala wa Hitler. Kutoa dhahabu nje ya Ujerumani siku zile kulikuwa kosa kubwa, na majina ya wenyewe yalichorwa juu ya medali hizo. Kama zingepatikana, von Laue, aliyekuwa angali nchini kwake, angeingia mashakani. Mwanakemia mmoja kutoka Hungaria, George de Hevesy, aliona heri zizikwe ardhini, lakini Bohr alihofu kwamba zingefukuliwa. Basi de Hevesy akazitumbukiza katika mchanganyiko wa asidi mbili kali uitwao maji ya kifalme, akangoja ziyeyuke, huku askari wa adui wakipita barabarani.

Medali zikawa maji. Maji yakatiwa chupani, na chupa ikawekwa rafuni pamoja na chupa nyingine. Wapekuzi waliingia katika taasisi hiyo, wakatazama huku na huku, wakaipita. Vita vilipokwisha chupa ilikuwa pale pale. Dhahabu ikatolewa katika maji yale, ikapelekwa Stockholm, na medali zikafuliwa upya.

Kisa hiki chatuhusu sana sisi ambao kazi yetu ni kulinda na kupekua. Wale wapekuzi hawakuwa vipofu, wala hawakuwa wavivu. Walikuwa wakitafuta kitu cha manjano king'aacho, na dhahabu haikuwapo tena katika umbo hilo. Mtu asiyejua mali huwa na sura ngapi huipita mali mlangoni pake.

Leo nataka kuwaambia askari wenzangu, wa jeshi na wa polisi, kwamba sisi nasi twaipita chupa hiyo kila siku. Imo katika maghala yetu ya vifaa, mahali palipolundikwa redio za mawasiliano zilizokufa na kompyuta ambazo hakuna tena azitakaye. Imo katika vyumba vya vielelezo vya vituo vya polisi, katika magunia ya simu zilizokamatwa ambazo kesi zake zilikwisha zamani. Na mwisho wa mwaka ukifika, twaiita chuma chakavu, twaipima kwa mizani, twaiuza kwa kilo.

MALI ILIYOTUPWA

Kwa mujibu wa taarifa ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa mwaka 2024, dunia ilitupa tani milioni 62 za vyombo vya umeme na elektroniki katika mwaka 2022 pekee. Lau mzigo huo ungepakiwa katika malori ya tani 40, yangehitajika malori zaidi ya milioni moja na nusu. Yakipangwa moja nyuma ya jingine, msafara wake ungekaribia kuizunguka dunia nzima katika mstari wa ikweta, mstari ule ule unaokatiza nchi za Kongo, Uganda na Kenya. Katika mzigo huo wote, ni asilimia 22.3 tu iliyothibitika kukusanywa na kurejelezwa kwa utaratibu unaojulikana. Katika bara letu la Afrika kiasi hicho hakikufika hata asilimia moja. Metali zilizokuwamo zilikadiriwa kuwa na thamani ya dola bilioni 91 za Marekani, na katika hizo dola bilioni 15 zilikuwa za dhahabu.

Huenda msomaji akauliza, dhahabu imeingiaje katika redio? Jibu analo kila askari wa mawasiliano aliyepata kulala porini wakati wa masika. Shaba huota kutu ya kijani, fedha huwa nyeusi, na chuma ndicho cha kwanza kuliwa na unyevu. Dhahabu haiogopi mvua wala jasho, nayo hupitisha umeme vizuri. Kwa sababu hiyo, pale ambapo waya mmoja hukutana na mwingine na mawasiliano hayatakiwi kukatika, mafundi hupaka utando mwembamba wa dhahabu. Vifaa vya kijeshi, ambavyo hutarajiwa kufanya kazi katika tope na vumbi, vilipakwa bila ubahili. Mbali na dhahabu, katika bodi zile za kijani zenye njia nyingi kama ramani ya mji mmekuwamo pia fedha, shaba kwa wingi, na paladi, metali isiyojulikana sana na watu wa kawaida, lakini yenye thamani kubwa.

Sasa tupime. Mwamba wa mgodi wa dhahabu huhesabiwa kuwa ni mwema ukitoa gramu chache tu kwa tani moja. Tani moja ya bodi za kompyuta, kwa kawaida, huweza kuwa na gramu 200 au zaidi. Naam, katika nchi zetu vijana huchimba mashimo marefu kufuata mshipa wa dhahabu, wengine wakafukiwa humo, ilhali mwamba ulio tajiri kuliko huo umelundikwa juu ya sakafu ya saruji, chini ya paa, nyuma ya mlango wenye kufuli na mlinzi aliyeshika bunduki!

Wajapani walilitambua jambo hili mapema. Kati ya Aprili 2017 na Machi 2019 waliwaomba wananchi watoe simu na vyombo vidogo vya elektroniki visivyotumika. Zilipatikana simu milioni 6.21 pamoja na karibu tani 79,000 za vyombo vingine vidogo. Humo zikatoka kilo 32 za dhahabu, kilo 3,500 za fedha na kilo 2,200 za shaba ya medali. Medali zote za michezo ya Olimpiki ya Tokyo, ambayo ilifanyika mwaka 2021, karibu 5,000 kwa hesabu, zilitengenezwa kwa metali hizo. Mkimbiaji wa Afrika aliyepanda jukwaani mwaka ule alivikwa shingoni simu za watu zilizokuwa zimesahauliwa kabatini.

NJIA YA MOTO NA SUMU

Kuijua mali ni jambo moja. Kuitoa ni jambo jingine. Njia inayotumika katika majalala mengi ya Afrika ni ya moto. Vijana hukusanya nyaya, huzichoma hadi mpira wake uteketee, kisha huokota shaba. Bodi hupashwa moto ili vipande vyake viachane. Wengine huzitia katika beseni la asidi. Jalala la Agbogbloshie, mjini Accra, lilipata sifa mbaya duniani kote kwa kazi hiyo kabla ya kubomolewa mwezi Julai 2021. Moshi uliokuwa ukipanda pale haukuwa moshi wa kuni. Ulibeba risasi, kadimi na sumu zinazozaliwa plastiki inapoungua.

Lugha yetu imeipa risasi jina moja, ile inayotoka katika mtutu wa bunduki na ile metali laini inayounganisha vipande vya redio. Sisi askari twaiogopa ya kwanza, na ya pili twaivuta puani bila habari. Risasi iingiapo katika damu ya mtoto mdogo huharibu ubongo wake, naye huwa mzito wa kujifunza maisha yake yote. Haina mlio wala haiachi kovu, kwa hiyo hakuna anayeandika taarifa ya tukio.

Nitasimulia jambo nililoliona. Miaka michache iliyopita nilihudhuria mnada wa vifaa vilivyofutwa katika kambi moja ambayo sitaitaja. Kompyuta, redio na mashine za kuandikia zilirundikwa pamoja na vyuma vya vitanda. Mnunuzi alileta mizani, akapima, akalipa, akaenda zake, na kila mtu akaona kazi imefanyika kwa haki. Majuma machache baadaye askari polisi wa doria aliona moshi nyuma ya soko. Alipokaribia aliwakuta wavulana watatu, mkubwa wao hakuzidi miaka 14, wakivunja mashine na kuzichoma. Juu ya sanduku moja lilikuwapo namba ya kikosi iliyopigwa kwa rangi nyeupe. Ndani ya sanduku hilo, diski ya kumbukumbu ilikuwa nzima. Ilipofunguliwa ofisini ikasomeka bila taabu: orodha ya askari, vijiji vyao, na majina ya jamaa zao wa karibu.

Nikakaa nikatafakari. Siku moja ile tulikuwa tumeuza dhahabu kwa bei ya chuma, tukawatia sumu watoto wa raia tuliokula kiapo kuwalinda, na tukaitoa siri ya nyumba zetu kwa yeyote mwenye shilingi chache mfukoni. Na mambo yote matatu yalitendeka kwa stakabadhi halali yenye mhuri.

SPONJI YENYE NJAA YA DHAHABU

Wataalamu wameshughulika miaka mingi kutafuta njia iliyo safi zaidi, na hapa ndipo panapopendeza. Ukishaziyeyusha bodi, unapata maji yenye metali za kila aina: shaba nyingi mno, chuma, bati, nikeli, na humo ndani dhahabu kidogo iliyopotea kama mtu mmoja katika umati wa uwanja wa mpira. Shida ni kumtoa mtu huyo mmoja bila kuutoa umati wote.

Dawa yake ni kitu chenye vitundu. Wachimbaji wa kwetu wanaijua tayari sura moja ya dawa hiyo, nayo ni kaboni, ule mkaa maalumu, aghalabu wa vifuu vya nazi, uliotiwa moto na mvuke hadi ukajaa vitundu visivyoonekana kwa macho. Gramu moja ya mkaa huo, tukiukunjua uso wote uliofichika ndani ya vitundu vyake, huwa na eneo la zaidi ya meta za mraba 1,000. Ni kama kambi yenye vyumba elfu iliyokunjwa ikatoshea kiganjani. Dhahabu ipitayo katika maji huingia vyumbani ikakaa. Lakini mkaa haubagui vizuri. Huwapokea na wageni wengine wengi.

Kwa hiyo wanakemia wakaanza kujenga vitundu kwa ramani, wakichagua ukubwa wa mlango na aina ya mlinzi atakayesimama mlangoni. Huunganisha chembe za metali na viungo vya kaboni, kama fundi anavyounganisha nguzo na boriti, hadi pakawa na jengo lenye nafasi tupu ndani yake. Mwaka 2025 Tuzo ya Nobel ya kemia ilitolewa kwa watu watatu walioasisi ujenzi huo: Susumu Kitagawa wa Japani, Richard Robson wa Australia, na Omar Yaghi, aliyezaliwa Amman, nchini Jordan, katika familia ya wakimbizi wa Kipalestina. Wako kati yetu wanaolinda kambi za wakimbizi. Na wakumbuke kwamba katika watoto wanaopanga foleni ya maji huweza kuwamo mmoja wa namna hiyo.

Mwaka 2018 wataalamu wa Lausanne, nchini Uswisi, walitengeneza jengo la namna hiyo kwa chuma na kulitandika ndani plastiki maalumu inayoivuta dhahabu. Gramu moja ya unga wake iliweza kushika miligramu 934 za dhahabu, yaani karibu sawa na uzito wake wenyewe, na kazi ilikuwa ya dakika chache tu. Mwaka 2020 wataalamu wa Korea ya Kusini walionyesha kitu kingine chenye vitundu, kisicho na metali ndani yake, ambacho gramu yake moja ilibeba gramu 1.62 za dhahabu.

Hata hivyo, kilichonigusa mimi zaidi ni kazi iliyotangazwa mjini Zürich mwaka 2024. Wao hawakuanza na kitu cha ghali. Walichukua maji yanayobaki baada ya kutengeneza jibini, yale ambayo viwanda vingi huyaona kuwa ni taka. Kila mfugaji wa eneo letu anayafahamu, kwani maziwa yakigandishwa maji hujitenga na mafuta na nyama ya maziwa. Ndani ya maji hayo mna protini. Wataalamu waliipasha moto katika asidi hadi ikawa nyuzi nyembamba, wakaikausha kwa uangalifu ikawa sponji nyepesi. Kisha wakachukua bodi kuu 20 za kompyuta zilizozeeka, wakayeyusha metali zake, wakaitumbukiza sponji. Metali zote zilijaribu kushikamana na nyuzi zile, lakini dhahabu ilishika kuliko zote. Sponji ikatiwa moto, dhahabu ikabaki vipande vidogo vidogo, ikayeyushwa. Mwisho wake wakapata kipande cha miligramu 450, ambacho sehemu 91 katika 100 zilikuwa dhahabu na zilizobaki kwa sehemu kubwa ni shaba. Hiyo ni dhahabu ya karati 22, ile ile ambayo sonara huitumia kutengeneza pete. Nao walikadiria kwamba gharama ya kazi yote, pamoja na umeme na vifaa, ilikuwa ndogo mara 50 kuliko thamani ya dhahabu iliyopatikana.

Taka ya maziwa ikaopoa dhahabu katika taka ya mashine. Usitupe mbachao kwa msala upitao, walisema wazee wetu, na sasa maabara imewathibitisha.

TUTAMBUE KABLA YA KUTUMAINI

Lakini nisieleweke vibaya. Sitaki mtu aliyesoma makala haya atoke na bisibisi usiku kwenda kuvunja redio ya kikosi. Tupige hesabu. Bodi 20 zilitoa miligramu 450. Kwa hiyo bodi moja ilitoa kama miligramu 22. Mtu atakaye pete ya gramu 4 yampasa kuwa na bodi zaidi ya 170, na asidi, na maarifa, na mahali pa kuimwaga sumu itakayobaki. Tena sponji, hata iwe na njaa kiasi gani, haiondoi haja ya kuyeyusha bodi kwanza, na mvuke wa asidi hizo huunguza mapafu. Anayekuja kwako na chupa na beseni akikuahidi utajiri kwa kompyuta tatu, huyo ni tapeli, na askari polisi anajua mahali pa kumpeleka.

Historia inatupa onyo la mtu mkubwa zaidi. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Ujerumani ilitozwa fidia kubwa na mataifa yaliyoshinda. Fritz Haber, mwanakemia hodari aliyekwisha kupata Tuzo ya Nobel, alikusudia kuilipia nchi yake deni hilo kwa kuchuja dhahabu katika maji ya bahari. Vipimo vya zamani vilimwambia kuwa kila tani ya maji ina miligramu kadhaa. Alifanya kazi miaka mingi, akapeleka hata maabara baharini ndani ya meli. Alipopima kwa makini aligundua kwamba dhahabu iliyomo ni kidogo sana kuliko alivyoambiwa, kiasi kwamba gharama ingeimeza faida yote. Akaacha. Haber hakushindwa na chujio. Alishindwa kwa sababu alianza safari kabla ya upelelezi kukamilika.

Ndiyo maana kazi ya kutambua inakwenda bega kwa bega na kazi ya kuopoa. Tangu karne ya 17 ilijulikana kwamba ukitia chumvi ya bati katika maji yenye dhahabu, rangi ya zambarau hutokea. Mafundi wanaitumia hadi leo. Siku hizi vipo vyombo vya mkononi vinavyoimulika bodi kwa eksirei na kutaja metali zilizo juu yake bila kuivunja. Na vile vitu vyenye vitundu nilivyovieleza, baadhi yake hutengenezwa viwe vinang'aa vinapomulikwa kwa mwanga wa urujuanimno. Dhahabu iingiapo katika vitundu, mng'ao wake hufifia, na kwa kupima umefifia kiasi gani mtaalamu hujua dhahabu ni kiasi gani. Mlinzi wa namna hiyo hufanya kazi mbili kwa zamu moja: hutoa ishara kuwa mtu amepita, na papo hapo humkamata.

WATAKAOPINGA

Najua wako watakaosema kwamba hii si kazi ya askari. Askari kazi yake ni bunduki. Nawajibu kwamba hakuna anayemtaka koplo awe mwanakemia. Anatakiwa awe mtunza mali. Mali bila daftari hupotea bila habari, na askari asiyejua thamani ya alichokabidhiwa hawezi kukilinda. Tena ni nani katika nchi zetu mwenye vifaa vingi vya elektroniki vilivyoandikwa namba, vilivyowekwa mahali pamoja, chini ya nidhamu moja, kuliko majeshi na polisi? Raia mmoja ana simu moja kabatini. Kikosi kimoja kina chumba kizima.

Wengine watasema teknolojia hii ni ya Wazungu na Waasia, sisi itatufikia lini? Nakiri kwamba nyingi ya sponji hizi zimo bado katika maabara, na kutoka maabara hadi kiwandani ni safari ndefu. Lakini tusijidharau. Nazi ziko pwani yetu, maziwa yako kwa wafugaji wetu, na mkaa wa kukamatia dhahabu unatumika katika machimbo ya Geita, Tanzania. Rwanda wanacho kiwanda cha kubomolea na kuchambulia taka hizi wilayani Bugesera, na Nairobi kipo kituo cha namna hiyo. Kinachopungua ni hatua ya mwisho. Mara nyingi bodi zenyewe, zikishatenganishwa, husafirishwa kwenda katika viwanda vikubwa vya kuyeyushia vya Ulaya na Asia, na faida iliyo nono hubaki huko. Tuliuza mwamba ghafi wakati wa ukoloni. Je, tuuze na bodi ghafi wakati wa uhuru? Majeshi yetu yana wahandisi na vyuo vikuu vyetu vina wanakemia. Wapewe bodi chache zilizofutwa kihalali, wapewe na maji ya maziwa, wajaribu. Jaribio la ukubwa huo halihitaji mkopo wa nje.

Wako pia watakaosema kwa sauti ya chini kwamba mnada huleta fedha taslimu upesi, na mfuko wa kikosi una njaa. Hoja hiyo naiheshimu, kwani nimekula katika mesi hizo hizo. Lakini fedha ya upesi ambayo ni sehemu ndogo tu ya thamani ya kitu haiwezi kuitwa mapato. Hiyo ni hasara iliyovaa sare.

YATUPASAYO

Basi tufanye nini? Kwanza, wakuu wa maghala watenge vifaa vya elektroniki na vyuma vingine. Kisiuzwe chombo chenye bodi ndani yake kwa mizani ya chuma chakavu. Kihesabiwe, kiandikwe, kipimwe na mtu anayejua, na bei ifuate kipimo.

Pili, kabla chombo chochote hakijatoka langoni, kumbukumbu yake iharibiwe mbele ya ofisa na shahidi, nao watie sahihi. Kuifuta kwa kidole hakutoshi. Diski itobolewe au isagwe. Jina la mama wa askari halina bei.

Tatu, vifaa hivyo vikabidhiwe kwa wenye leseni ya kuvibomoa kwa usalama, na hesabu ya metali zilizopatikana irudi kikosini kwa maandishi. Anayekataa kuonyesha hesabu asipewe mzigo wa pili.

Nne, polisi na askari wa forodha waijue sheria mpya. Mkataba wa Basel wa mwaka 1989, unaosimamia usafirishaji wa taka za hatari, ulirekebishwa. Tangu tarehe 1 Januari 2025 taka zote za elektroniki, ziwe zimehesabiwa kuwa za hatari au la, haziruhusiwi kuvuka mpaka kati ya nchi wanachama pasipo taarifa na kibali cha nchi inayopelekewa. Mkataba wa Bamako wa mwaka 1991 nao unazikataza nchi za Afrika zilizouridhia kupokea taka za hatari kutoka nje ya bara. Kwa hiyo kontena linaloandikwa kuwa ni kompyuta zilizotumika lifunguliwe. Ikiwa skrini zimepasuka na nyaya zimekatwa, hicho si chombo kilichotumika, ni taka iliyovishwa jina. Na lori linalotoka nchini usiku limejaa bodi zilizofunikwa kwa magunia ya maharagwe lisimamishwe vile vile, maana huenda limebeba mgodi mzima.

Tano, tumwonapo mtoto akichoma nyaya tusimfukuze kwa kiboko na kwenda zetu. Tuuzime moto, tumpeleke kwa wazazi, kisha tumtafute mtu mzima anayenunua shaba ile. Mkosaji ni huyo.

Nilipokuwa mwanafunzi katika chuo cha maofisa, mkufunzi wetu alizoea kutupeleka mahali tulipokwisha kupekua, akainua jani moja, akatuonyesha tulichokiacha. Hakuwa akitukemea. Alituuliza swali moja tu: mlikuwa mkitafuta nini? Nimelikumbuka swali hilo mara nyingi nikipita mbele ya milango ya maghala. Wale wapekuzi wa Copenhagen walikuwa na kisingizio, maana dhahabu ilifichwa kwa hila ya mtu mwenye akili nyingi, naye alikuwa adui yao. Yetu haikufichwa na mtu. Tuliiweka wenyewe, ufunguo tunao wenyewe, na daftari tunaliandika kwa mkono wetu. Mkuu wa ghala atakayelifungua daftari lake kesho asubuhi na aanzie na ukurasa wa vifaa vilivyofutwa.